Malkia Katika Mistari ya Chai

Jumapili ya tatu ya mwezi wa Juni, saa tisa na dakika ishirini alasiri, Karambu alikuwa sebuleni kwa mama yake, juu kidogo ya soko la Nkubu, akichambua maharagwe kwenye sinia, malkia aliposhuka kutoka katika runinga. Matangazo ya sabuni yalikuwa ndiyo kwanza yameanza. Malkia alitanguliza mguu wa kulia, akashika ukingo wa meza ili asivute kitambaa kilichofumwa, kisha akainua vazi lake zito la mahameli lisiguse jiko la makaa. Mabega yake yalikuwa yamelowa, kwa kuwa huko alikotoka mvua ilikuwa ikinyesha.

Gatakaa, mama yake Karambu, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, alimtazama mgeni kuanzia viatuni hadi kwenye taji.

"Karambu, mpe kiti. Si hicho, kinayumba."

Mchezo ule wa runinga ulikuwa ukionyeshwa tangu Februari. Ulimhusu malkia wa nchi ya baridi, zamani za mishumaa na mapanga, aliyerithi ufalme wa baba yake angali msichana na akakataa kuolewa. Kila Jumapili washauri wake tisa, wazee wenye kola zilizokunjamana kama uyoga, walimletea jina la bwana. Kila Jumapili alilikataa. Mchezo ulikuwa umetiwa sauti upya kwa Kiswahili, na sauti ilichelewa; midomo ya malkia ilitulia kwanza, ndipo maneno yakafuata. Hata pale sebuleni ilikuwa vivyo hivyo. Alifungua kinywa, akakifunga, na baada ya kitambo ikasikika:

"Wamekuja tena. Leo wameniletea mwana wa mfalme mwenye mafua."

"Wangu walikuja jana," akasema Karambu, akammiminia chai.

Wa Karambu walikuwa ndugu zake wawili: Kiogora, aliyefanya kazi ya ofisini mjini Meru, na Mwiti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Embu. Baba yao, mzee Kirimi, alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita na kuacha ekari tatu na nusu za chai. Karambu alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, na hakuwahi kuolewa. Mistari kumi na minne ya chai iliyoshuka hadi mtoni aliipanda mwenyewe, akaipogoa mwenyewe, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amebeba mavuno yake mgongoni hadi kituo cha kununulia majani. Ili shamba ligawanywe, kila mtoto wa marehemu alipaswa kutia saini fomu. Jina la Karambu lilikuwa kwenye mstari wa tatu, na kando yake palikuwa pameandikwa kwamba ameacha fungu lake kwa hiari. Alikuwa amekataa kutia saini mara tano.

"Hii si vita, dada," Kiogora alikuwa amemwambia jana yake. "Ni fomu. Utakaa hapa mpaka uzeeke. Nani atakufukuza?"

"Kama hakuna wa kunifukuza, basi niandikeni."

Mwiti alicheka. "Siku hizi unaongea kama TV. Kesho utataka tukupigie tarumbeta ukitoka chooni."

Matangazo yalipokwisha, malkia hakurudi. Katika runinga, kiti cha enzi kilibaki kitupu. Washauri wakaingia, wakakiinamia, wakaendelea kujadiliana ni nani amuoe. Kituo cha runinga hakikuomba radhi. Fundi wa simu pale Nkubu, aliyefuata kipindi tangu mwanzo, alisema kuwa tangu Jumapili hiyo mazungumzo yalikuwa yanakwenda haraka zaidi.

Gatakaa alimpa mgeni jina la Nkatha, lililokuwa la dada yake marehemu, kwa kuwa jina la kwenye runinga lilimshinda kulitamka. Jumatatu alfajiri malkia aliingia shambani. Karambu alimvisha gambuti na aproni ya nailoni, akamwonyesha namna ya kuchuma majani mawili na chipukizi na kuliacha lililokomaa. Taji hakulivua. Lilikuwa na faida yake, maana mkanda wa kikapu, ambao huteleza kwenye paji la uso la mtu asiyeuzoea, kwake ulikwama mahali pake. Kufikia Julai alikuwa akichuma kilo kumi na nane kwa siku. Kituoni, karani wa mizani aliingiza mkono kikapuni mwake na kutoa jani kubwa.

"Mama, hili ni gumu. Hata likiwa la malkia, mimi narudisha."

Alilirudisha. Yaliyobaki aliyaandika kwa namba ya mkulima ya mzee Kirimi, kama alivyokuwa akiyaandika siku zote.

Wazee wa ukoo waliketi Alhamisi ya pili ya Agosti, uani kwa Gatakaa, wakiongozwa na Mzee Murungi, binamu ya marehemu. Mbuzi alichinjwa na uji ukaletwa kwa vibuyu. Ukoo ule ulikuwa na utaratibu wake: hakuna aliyesema neno barazani kabla ya kutaja lango alilotoka, nalo likaandikwa daftarini. Mwanamume alitaja lango la baba yake. Mwanamke alitaja la mume wake. Kiogora alisimama akasema, "Lango la Kirimi," likaandikwa. Mwiti vilevile.

Karambu alikuwa ameleta shahidi mmoja wa kueleza ni nani aliyelima shamba. Malkia alisimama, akapangusa matope kwenye pindo la mahameli.

"Karibu, mama," akasema Mzee Murungi. "Wewe ni wa lango la nani?"

Malkia alifungua kinywa na kukifunga. Wazee, ambao walikuwa watu wa adabu, walingoja maneno yafike.

"Lango ni langu."

Mzee Murungi aliligeuza jibu hilo kichwani kwa muda. Alisema kuwa ni jibu zuri na limetamkwa kwa Kiswahili safi kama cha taarifa ya habari, ila daftari halikuwa na mahali pa kuliandika. Aliagiza mgeni apewe nyama na uji.

"Na wewe, Karambu?"

"Lango la Kirimi."

"Kirimi amekufa, mwanangu."

"Ndugu zangu wamelitaja sasa hivi, mzee. Hamkuwaambia amekufa."

Mzee mmoja alianza kucheka, akageuza kicheko kikawa kikohozi. Mzee Murungi aliangalia kibuyu chake, akaona kimekwisha, akaomba kingine. Kikao kikaahirishwa. Karambu aliviosha vibuyu kumi na viwili, na malkia akavikausha.

Mwezi wa Septemba Kiogora alikuja peke yake, na mkate na kilo mbili za sukari. Hakuwa mtu mbaya. Alimsalimu mama yake, akauliza hali ya goti lake, kisha akatoa karatasi mbili kwenye bahasha ya kaki. Ya kwanza ilikuwa barua mpya kutoka ofisi ya chifu, iliyothibitisha, tofauti na ile ya kwanza, kwamba marehemu Kirimi aliacha watoto wawili. Ya pili ilikuwa fomu mpya, yenye mistari miwili, na yote miwili ilikuwa imekwisha kutiwa saini.

"Tumekuondolea usumbufu," akasema. "Hutahitaji tena kutia saini chochote."

Karambu aliisoma barua hadi mwisho, akaikunja kwa kufuata mikunjo yake ya awali.

"Nilizaliwa wapi mimi, Kiogora?"

"Dada, usianze."

"Mama," akamgeukia Gatakaa, "ulizaa watoto wangapi?"

"Watatu," akasema Gatakaa. "Na huyu anajua. Karambu ndiye aliyembeba mgongoni."

Kiogora alikunywa chai yake, akaaga kwa heshima, akaondoka na karatasi zake.

Mpima ardhi alifika Oktoba. Alama ya mpaka iliangukia kati ya mstari wa saba na wa nane, mahali ambapo Karambu na malkia walikuwa wakichuma. Aliwaomba wasogee. Walisogea mpaka nyundo ilipomaliza kazi yake, kisha wakarudi, wakaendelea kutoka pale walipoachia.

Jumapili ya mwisho ya Novemba mchezo ulifikia tamati. Katika runinga, washauri tisa walichoka kukiinamia kiti kitupu, wakamwingiza kijana mwembamba na kumkalisha juu yake. Taji halikuwapo. Walimvika kofia. Tarumbeta zikapigwa, na majina ya wachezaji yakaanza kupanda.

"Ni nani huyo?" akauliza Gatakaa.

Malkia alikuwa akimenya viazi vya kupondea mukimo. Midomo ilisogea, ikatulia.

"Ni mtoto wa binamu yangu. Hakuwahi kulala katika jumba lile hata siku moja."

"Ndiyo maana ni mwembamba hivyo," akasema Gatakaa, akaomba aongezewe chumvi.

Karambu aliizima runinga. Alitoa sare yake ya kanisani kabatini, akaikagua vifungo, akaitundika tayari kwa kwenda kwa chifu kesho.

Jumatatu, baada ya kupeleka majani kituoni, walikwenda ofisini kwa chifu kama walivyofanya kila Jumatatu tangu Septemba. Waliketi kwenye benchi. Waliandika majina katika kitabu cha wageni. Katika vitabu vyote vya ofisi ile, hicho ndicho pekee kilichokuwa na jina la Karambu binti Kirimi, nalo lilikuwamo mara kumi na moja, kwa mwandiko wa wima aliofundishwa darasa la tatu. Karani wa chifu alifungua faili, akapitisha kidole juu ya karatasi.

"Mama, jina lako halimo."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja. Liandike."

"Siwezi kuongeza mtoto ambaye barua haina."

"Basi andika barua nyingine. Ile ya kwanza ilikuwa na watoto watatu. Hii ina wawili. Mkono uliopunguza unaweza kuongeza."

Karani alilifunga faili taratibu. "Chifu hayupo. Rudini Jumatatu."

Karambu alisimama, akanyoosha sketi. Malkia naye alisimama, akamtazama karani, akafungua kinywa na kukifunga. Wakatoka. Chipukizi za mstari wa tisa zilikuwa zimefika kipimo, na jua halikungoja mtu. Walikuwa wamekwisha kuvuka mtaro na kushika njia ya kupanda, Karambu aliposikia nyuma yao maneno yakifika ndani ya ofisi, wazi na bila haraka:

"Tutarudi."

"Haya, mama," karani akajibu, akalirudisha faili lenye majina mawili mahali pake.