Maji ya Mzee Mihayo

Jumapili, tarehe 9 Julai 1995, Mzee wa kanisa Mihayo alisimama mbele ya waumini kusoma matangazo, kama alivyofanya kila Jumapili. Alitangaza mazoezi ya kwaya. Alitangaza ng'ombe mwekundu aliyepotea upande wa Nkololo, mwenye ncha ya sikio iliyokatwa. Kisha akasoma kwamba Milembe, mama yake Gloria, ametengwa na kanisa kwa kosa la kutia pamba maji na mchanga.

Alipolitaja jina hilo, maji yalianza kutoka kwenye pindo za suruali yake. Yalitoka taratibu, yakajaa ndani ya viatu, yakashuka kwenye sakafu ya udongo. Mihayo aliinua karatasi yake juu kidogo isilowane, akaendelea na tangazo la mabati. Mwanamke wa benchi la mbele alimpakata mtoto wake asije akakaa kwenye tope.

Kwa desturi ya kanisa hilo, anayetengwa huinuka papo hapo na kuhamia benchi la nyuma karibu na mlango. Hapo hapewi Meza ya Bwana, na ibada inapokwisha hakuna anayempa mkono, mpaka siku atakapotubu mbele ya watu. Milembe aliinuka, akakunja kanga yake, akahama. Alipompita Mihayo, ilimlazimu kuruka dimbwi.

Zamani pamba ilinunuliwa na ushirika peke yake. Wanawake waliichambua kwenye vichanja, safi huku na fifi, ile chafu, kule, na karani wa ushirika aliirudisha fifi bila kumwonea mtu haya. Soko lilipofunguliwa, magari ya wanunuzi binafsi yalianza kuja yakikimbizana kwenye vumbi, na kwa kuwa kila mmoja aliogopa kutanguliwa na mwenzake, hakuna aliyepoteza muda kuuliza safi wala fifi. Kilichoulizwa ni uzito tu. Watu walielewa upesi. Beseni la maji na kopo la mchanga wa mtoni vikawa sehemu ya mavuno, kama kikapu.

Nyumbani kwa Milembe havikuwa. Mume wake, Luhaga, alikuwa ameleta beseni siku moja, akaliweka kando ya pamba bila kusema neno. Milembe aliyamwaga maji hayo kwenye mpapai.

"Tutakuwa wajinga peke yetu kijiji kizima," Luhaga alisema.

"Basi tuwe," alisema Milembe. "Lakini tutalala."

Mzee Mihayo alikuwa karani wa kampuni ya mnunuzi mmoja. Mwishoni mwa Juni, jioni ya siku ya mwisho ya kununua mzigo wa kwanza, Milembe alipita na ndoo yake kutoka kisimani akamkuta anaingiza madumu ya maji ndani ya ghala la pamba. Nyuma yake kulikuwa na toroli la mchanga.

"Vumbi, mayu, mama yangu," Mihayo alisema. "Nanyunyiza sakafu."

"Na mchanga, mzee?"

"Sakafu ina mashimo."

Kiwanda cha kuchambulia pamba kilichokuwa Maswa kiliufungua mzigo, kikakuta mbegu zimeanza kuchipua ndani ya magunia. Lori lilirudi na pamba yake. Mnunuzi alisema hataleta gari tena kijijini hapo mpaka mkosaji ajulikane na aadhibiwe, na wakati huo karibu kila nyumba ilikuwa na pamba iliyorundikwa hadi darini. Mihayo aliliambia baraza la wazee kwamba mtu wa mwisho kuuza alikuwa Milembe. Hilo lilikuwa kweli. Baraza halikuuliza zaidi. Jumapili ile tangazo lilisomwa, na siku iliyofuata lori lilikuja.

Maji ya Mihayo hayakukoma. Mkewe alimtandikia kitanda cha kamba na kuweka hori la ng'ombe chini yake. Asubuhi hori lilikuwa limejaa. Maji yenyewe yalikuwa matamu, na maharage yaliiva haraka ndani yake. Kasoro yake ilikuwa ndogo: chini yaliacha mchanga wa mtoni, na juu yalielea nyuzi nyeupe za pamba. Wanawake waliyachuja kwa kitenge.

Kufikia Agosti kisima cha karibu kilikuwa kimekauka, na cha pili kilikuwa mbali, kwenye njia ya fisi. Kwa hiyo baada ya ibada Mihayo aliketi kwenye kiti uani pa kanisa, akakunja suruali hadi magotini, na watu wakapanga foleni. Baraza liliweka utaratibu. Walitangulia waumini wenye ushirika kamili, wakafuata Wakatoliki, na baada yao wale wanaotambika. Waliotengwa hawakuchota, kwa kuwa maji yalikuwa yametoka kwa mzee wa kanisa, tena katikati ya ibada.

Felisita, jirani yake Milembe, alikuwa Mkatoliki, na alijaza ndoo mbili kila Jumapili.

"Sisi tunayo maji ya baraka," alimwambia Mihayo, "lakini padri anayatoa kwa matone. Ninyi mna baraka ya ndoo. Hebu sogeza mguu, mzee, huo wa kushoto ndio unaotoa vizuri."

Siku moja alikuja bwana mmoja wa kiwandani kutoka Maswa kukagua maghala. Alipewa maji ya kunywa. Aliiinua bilauri kwenye mwanga, akautazama mchanga uliotulia chini, akazitazama zile nyuzi.

"Huu ndio mchanga tuliouona kwenye magunia," alisema.

"Ndio huohuo," watu walikubali.

"Na maji yanatoka kwa nani?"

"Kwa huyu karani wa mnunuzi wenu."

Yule bwana aliinamisha kichwa kwa heshima, akanywa, akaomba dumu moja la kusafiri nalo.

Mambo yangeweza kukaa hivyo, na Milembe angeendelea kwenda kisima cha mbali, lakini Gloria alikuwa amechumbiwa. Ng'ombe walikwisha kutolewa. Ndoa ilipangwa Jumamosi, tarehe 16 Septemba. Kanisani hapo bibi harusi huingizwa na mama yake, ameshikwa mkono wa kulia, na mama ndiye anayeukabidhi mkono huo mbele ya mchungaji. Mama aliyetengwa hapiti mbele. Gloria alikuwa mtoto wake pekee aliyebaki hai. Hapakuwa na ndoa nyingine ya kungojea.

Mchungaji Luhende alimwita Milembe mbele ya baraza. Alikuwa mtu mpole, na aliona aibu kidogo.

"Mama Gloria, tunataka umwingize mtoto wako. Hakuna anayetaka vingine. Simama Jumapili, sema 'nimekosa, naomba msamaha.' Tutakuombea, tutakupa mkono. Ni jambo la pumzi moja."

"Nimekosa nini, mchungaji?"

"Lile lililotangazwa."

"Hilo sikulitenda. Alilitenda mzee huyu aliyeketi hapa."

Wote walimtazama Mihayo. Maji yalikuwa yamefika chini ya kiti cha katibu, naye aliinua miguu akaikunja juu ya kiti. Mchungaji aliisogeza Biblia yake katikati ya meza.

"Mama, neno lako peke yake halitoshi. Nani mwingine aliona?"

"Mchungaji, na maji haya?"

Mchungaji Luhende alifikiri kwa uaminifu.

"Maji si shahidi," alisema hatimaye. "Hayakuapa."

Nyumbani Luhaga alikuwa anasuka kamba.

"Sema tu, mama Gloria. Neno halipandi kwenye mizani. Mungu anajua hukutenda, atalichukulia kama kikohozi."

"Kama anajua sikutenda, atajua pia kwamba nimemdanganya ndani ya nyumba yake."

"Ile pamba hukuilowesha. Sasa unailowesha ndoa ya mtoto."

Usiku ule Milembe alijaribu maneno yale kwa sauti ndogo akiwa jikoni: nimekosa, naomba msamaha. Yalikuwa mepesi. Hicho ndicho kilichomtisha. Aliona jinsi ambavyo angeyasema, na jinsi mikono yote ingenyooshwa kwake, ukiwamo mkono wa Mihayo wenye maji, naye angeupokea na kushukuru. Aliyekosa angemsamehe asiyekosa, na watu wangeimba.

Asubuhi Gloria alimfuata kichanjani.

"Mama, utaniingiza?"

"Unataka niingie na uongo mkono huu, na mkono huu nikushike wewe?"

Gloria alichomoa jani kavu kwenye pamba.

"Nataka unishike," alisema. "Huo mwingine sitauangalia."

Milembe alilia mbele ya mtoto wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Halafu akawaza kwamba kuna mlango mwingine. Yeye ndiye aliyekosewa. Mtu aliyekosewa anaweza kusamehe. Hilo halihitaji kikao. Akisamehe, huenda jambo lote lingefunguka lenyewe, kama kamba inayovutwa kwenye ncha yake halisi.

Alikwenda kwa Mihayo. Alimkuta chini ya paa la zizi akikamua soksi, na ndama wawili wakinywa miguuni pake.

"Mwangaluka, mzee."

"Mwangaluka, mayu. Karibu kiti. Kile kikavu."

"Sikai. Nimekuja kukusamehe."

Mihayo aliacha kukamua.

"Kwa lipi?"

"Unalijua."

"Mayu, usifanye hivyo," alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira bali ya mtu anayeombwa kitu asicho nacho. "Ukinisamehe, umenishitaki. Nikiupokea msamaha wako, nimekiri. Nikikiri, nani atasoma matangazo? Kampuni itamweka nani? Na mifugo hii itakunywa wapi?"

"Hulali vizuri, mzee."

"Nalala kwenye maji. Nimezoea."

Habari ilifika kwenye foleni kabla ya Milembe kufika nyumbani. Wanawake walimjia kwa heshima, wengine wakipiga magoti.

"Dada, hatukatai kusamehe," alisema Felisita. "Kusamehe ni kuzuri. Lakini ukisamehe leo na yule mzee akauka, tutakwenda wapi? Subiri mvua za Novemba. Zikinyesha vizuri, msamehe hata mara sabini."

"Na ndoa ya Gloria?"

"Ndoa tutakuja wote. Tutapika kwa maji hayohayo."

Mchungaji naye alilipima jambo, akasema msamaha hutolewa kwa mkosaji, na mkosaji hujulikana kwa tangazo, na Mzee Mihayo hajatangazwa. Milembe aliuliza ni nani anayesoma matangazo. Mchungaji alisema swali hilo ni zuri na atalichukua kwenye maombi.

Siku ya ndoa kanisa lilijaa. Shangazi yake Gloria, dada wa Luhaga, alimshika mkono wa kulia akampeleka mbele, akitembea haraka mno kwa sababu viatu vilimbana. Gloria aligeuka mara moja kutazama benchi la nyuma. Milembe alikuwa amevaa gauni jipya la kijani. Aliinua mkono wake wa kulia, akaushusha, kwa kuwa haukuwa na kazi.

Wakati wa sala ya Bwana waumini wote walisimama. Sala ilipofika mahali ambapo watu wanaomba kusamehewa kama wanavyosamehe, Milembe alisikia kinywa chake kikisimama. Alisema kwa sauti iliyofika madhabahuni:

"Mzee Mihayo, uliitia pamba maji, ukanibandikia kosa mimi. Nimekusamehe."

Sala ilikatika. Hakuna aliyemtazama Milembe. Vichwa vyote viligeukia miguu ya Mzee Mihayo, na Mihayo mwenyewe aliitazama kwa uso wa mtu anayengoja hukumu. Kwa kitambo kidogo ilionekana kwamba angependa ikauke.

Maji yaliendelea kutoka, kwa kiasi kilekile.

Pumzi ya nafuu ilipita kanisani kama upepo kwenye mtama. Mtu mmoja alishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, Bwana." Mchungaji Luhende aliendelea na sala kutoka maneno yanayofuata, yale ya kutotiwa majaribuni, na Gloria akaolewa.

Baraza lilimwongezea Milembe muda wa kutengwa kwa sababu ya kukatiza sala. Mihayo alipewa mabuti ya mpira na kampuni. Mvua za Novemba zilinyesha vizuri, na foleni ikaendelea, maana watu walikuwa wamezoea ladha. Msimu uliofuata pamba ilitiwa maji kama kawaida, sasa bila kuhangaika kwenda mtoni.

Milembe alimsamehe kweli. Alijichunguza mara nyingi, akiwa njiani kwenda kisima cha mbali, akakuta hamtakii mzee yule mabaya. Alichokuta badala yake ni uchovu, na swali ambalo hakuna aliyekuwa amemfundisha namna ya kuliuliza: msamaha ukishatolewa na ukakosa mtu wa kuupokea, unakaa wapi? Aliendelea kuketi karibu na mlango. Gloria alipokuja kusali na mumewe, aliketi kwenye benchi la mbele, kama ilivyo haki ya walioolewa kanisani, na ibada ilipokwisha alitoka na wenzake bila kumpa mama yake mkono. Utaratibu haukumruhusu.

Uliyeisoma habari hii, usiikalie. Msomee jirani asiyejua kusoma, naye amsimulie mwingine njiani, izunguke vijiji hivi vyote mpaka imfikie mtu mmoja wa benchi la mbele aliye tayari kuinuka.