Kalsiamu ya Ndagala

...na leo, anasema, ameziacha na vichwa vyake, sahani nzima ya ndagala, visamaki vya ziwa letu, shangazi Mariyamu amechuchumaa nyuma ya mgongo wangu na mimi nimeelekea ukuta kama nilivyouelekea tangu Machi, tangu gari letu lilipomiminiwa risasi pale Minago nikarudi Rumonge mzima, mzima kila mahali ila humu ndani, "kula mutoto, iko kalsiamu," kosa ni langu, nani alinituma nimsomee barua ya Exaucé, tulisoma naye chuo, sasa yuko Ubelgiji anachungulia bongo za panya, seli ya ubongo ikisema kalsiamu huingia ndani yake, wameitia rangi inayong'aa ikikutana na kalsiamu, kamera inaona nani anasema na nani amenyamaza, na panya mwenye huzuni ana mitaa mizima iliyonyamaza, shangazi akashika neno moja tu, tangu siku hiyo ninalishwa mifupa... kalsiamu ile ni ya kuonea ndani ya ubongo, shangazi, si ya kutibia, lakini kusema ni kazi, kugeuka ni kazi, "mupe kichwa kwanza," huyo Hadji, jirani, yuko mlangoni, "kichwa inatibu kichwa," "na mukia?" "mukia itatibu matako, si ameyalalia miezi mine," wanacheka, juzi hawakucheka, juzi nilimsikia shangazi akimwambia nisipokula atanizika kabla mwezi haujaisha... Exaucé anasema wanamtundika panya kwa mkia, akipigapiga miguu wanaandika ana matumaini, akitulia wanaandika amekata tamaa, mimi ningetulia kabla hawajafungua daftari, labda panya anawaza tu, labda anasubiri wachoke wao, "panya ya Bulaya iko na docteur," shangazi anasema, sasa hacheki, "huyu iko na mimi tu," na anaisogeza sahani, nasikia, harufu inanifikia, si ndagala kavu za gunia hizi, ni mbichi, zimekaangwa kwa mawese, zimevuliwa jana usiku, na ndagala haivuliwi bila taa, na taa wanajeshi walizikataza ziwani mwezi mzima, basi nani amewasha, wameruhusu au kuna kichaa ameingia majini na karabai yake, swali, nina swali, la kwanza tangu Machi, bado ukuta uko mbele yangu na sahani nyuma yangu, na mate, jamani, mate yamenijaa mdomoni...