Sauti ya Spika Ukumbini

Wateja walimwita Bado Kidogo, na jina hilo alilipata kihalali. Ukienda dukani kwake kuulizia video yako, utamkuta mbele ya kompyuta, kashika tama, anautazama mstari wa kijani unaoonyesha kazi imefikia wapi ukitambaa kwenye kioo, na kabla hujafungua mdomo anakwambia, "Bado kidogo." Kazi yake ilikuwa kupiga video, kuzikata, kuziunga na kuzigeuza ili zichezwe kwenye chochote alichonacho mteja, iwe simu mpya au televisheni iliyozeeka.

Alhamisi moja mchana aliingia shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Huyu naye alikuwa na jina lake la utani, Spika. Miaka nenda rudi alikuwa mtangazaji wa kituo cha treni, yule ambaye sauti yake ilishuka kutoka juu ya paa kuwaambia abiria ni treni ipi iko kwenye njia ipi. Ilikuwa sauti nzito, isiyo na haraka. Watu waliokuwa wakikimbia na mizigo kichwani wakiisikia walipunguza mwendo, wakaamini kwamba treni haitawaacha. Kisha koo likaugua. Madaktari waliutoa ugonjwa, na sauti ikaondoka nao. Spika alipona, akanenepa tena, akaurudia utani wake, ila sasa utani ulitoka kwa mikono, kwa nyusi, na kwa midomo inayochezacheza bila mlio. Shingoni alifunga kitambaa safi kila siku, na watu wakazoea.

Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi. Kwamba baba wa bibi harusi hatasema neno lilikuwa jambo la wazi, na kwa sababu lilikuwa wazi hakuna aliyelitaja.

Spika alirudishia mlango wa duka, akaweka flashi mezani, akaandika kwenye simu yake na kuisukuma mbele ya shemeji yake. "Nilijirekodi kabla ya upasuaji. Kwa ajili ya siku hii. Dada yako tu ndiye anayejua. Nataka ichezwe ukumbini."

Bado Kidogo alisoma, akasoma tena. "Shemeji! Muda wote huu umekaa nayo kimya?"

Spika akaelekeza kidole kwenye koo lake, akainua mabega, kama anayeuliza: sasa ulitaka nikae nayo vipi? Wakacheka wote wawili, mmoja kwa sauti, mwingine kwa kifua na mabega.

Kicheko kilikatika faili lilipogoma kufunguka kwenye televisheni ya dukani. Kioo kilibaki cheusi, kikaandika kwamba aina hiyo ya faili haitambuliki. Uso wa Spika ukabadilika.

"Hapo usiogope," Bado Kidogo alimwambia. "Faili si bovu. Ulirekodi kwa kompyuta, na kompyuta imelifunga kwa namna yake. Televisheni haijui kulifungua, basi. Nitaligeuza." Akatengeneza nakala kwanza, akaliweka lile la asili mahali ambapo mkono wake hautaligusa kwa bahati mbaya, kisha akaiamuru programu ifanye kazi. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Spika akavuta kiti.

Lilipokamilika, picha ilitokea safi. Spika wa zamani alikuwa amekaa kwenye chumba chake cha matangazo, shati limenyooshwa, mbele yake kipaza sauti cha kazini. Sauti ikatoka. Bado Kidogo alikisogelea kioo. Alikuwa ameisahau, na hakujua kama ameisahau mpaka alipoisikia. Alimtupia jicho shemeji yake, akakuta yule bwana ameyakodolea macho magoti yake mwenyewe.

Lakini kadiri maneno yalivyosonga mbele, jambo la ajabu lilijitokeza. Mwanzoni mdomo na sauti vilikwenda pamoja. Katikati, mdomo ukatangulia. Kufika mwisho, mzee wa kwenye kioo alikuwa amekwisha kufunga mdomo na kutabasamu, huku sauti yake bado inahutubia. Spika alinyanyua kichwa, akaona, akasimama. Alichukua simu yake na kuandika haraka, "Nimekuwa kikaragosi. Acha. Mtu mwingine ataongea."

"Kaa chini, shemeji."

Spika akatikisa kichwa, mkono tayari kwenye kitasa.

"Nimesema kaa, bwana! Nimekusikiliza miaka yote ukituambia tusubiri treni, leo nisikilize mimi." Bado Kidogo mwenyewe alishangaa kusikia amempandishia sauti mtu anayemheshimu. Akaishusha. "Chumba chako kilikuwa na mwanga hafifu, si ndiyo? Mwanga ukipungua, kamera ya kompyuta hupunguza idadi ya picha inazopiga, ukiongezeka inapiga nyingi. Sauti yenyewe haibadiliki, inakwenda mwendo mmoja. Programu yangu ilidhani picha nazo zilipigwa kwa mwendo mmoja, ikazipanga vibaya. Picha zote zipo. Nikizilazimisha zishike mwendo sawa tangu mwanzo, mdomo utarudi kwenye maneno yake."

Spika aliketi, lakini pembeni tu mwa kiti, kama abiria asiye na uhakika na tiketi yake.

Safari hii kazi ilichukua muda. Bado Kidogo alitaka kusema neno lake maarufu, akalimeza. Alichemsha chai, wakanywa. Mstari ulipofika mwisho aliruka moja kwa moja hadi sentensi ya mwisho, akacheza. Mdomo ukafunguka, neno likatoka. Mdomo ukafumba, kimya. Spika alimpiga shemeji yake kofi la mgongo lililomwaga chai iliyobaki.

Ijumaa Bado Kidogo aliweka muziki laini chini ya hotuba, akaisikiliza yote kwa hedifoni. Kila kitu kilisikika vizuri, ila sauti ilikuwa na kitu kigeni kidogo, kama inatokea nyuma ya kisogo. Akadhani ni uchovu wa masikio.

Jumamosi asubuhi aliipeleka ukumbini kwa majaribio. Fundi wa mitambo wa ukumbi alikuwa mama mmoja mwenye ovaroli na sauti ya kuamrisha, aliyekuwa akivuta waya kati ya viti huku akiwagombeza wapambaji wasimwage maji karibu na umeme. Dada yake Bado Kidogo naye alikuwepo, anakagua meza. Video ikaanza. Uso wa Spika ukajaa kwenye kioo kikubwa, muziki laini ukatanda ukumbi mzima, na Spika akafungua mdomo.

Hakuna kitu. Muziki ulisikika, Spika hakusikika. Alifungua mdomo na kuufunga, akainua nyusi, akatabasamu, vilevile kama anavyofanya siku hizi mezani kwao.

"Ongeza sauti," alisema Bado Kidogo.

Fundi akaongeza. Muziki ukapiga kelele. Mzee akabaki bubu.

Dada alikuwa ameshika kitambaa cha meza kwa mikono miwili. "Mdogo wangu," alisema taratibu, "usimfanyie hivi mume wangu mbele ya watu."

"Dada, inasikika! Naapa inasikika!" Akamvalisha hedifoni. Dada akasikiliza, macho yakamjaa machozi, akaitikia kwa kichwa. Basi kwenye hedifoni alikuwapo, na kwenye spika za ukumbi hayupo. Bado Kidogo alirudi kwenye mitambo. Alibadilisha flashi. Akabadilisha waya. Akazima na kuwasha. Nje, gari la kwanza la wageni lilikuwa linaegeshwa, na sauti za shangazi zikaanza kusikika mlangoni.

"Hizi spika zako," alimwuliza fundi, "kushoto na kulia zinatoa kitu kimoja?"

"Kimoja. Ukumbi mrefu huu. Nikigawa, wa upande huu watasikia ngoma na wa upande ule watasikia zeze. Mimi nachanganya kushoto na kulia, natuma njia moja kwa wote."

"Unachanganya." Bado Kidogo alichukua hedifoni, akalifunika sikio moja tu. Sauti ilikuwa nzima, nzito, ya shemeji yake kabisa. Akahamishia sikio la pili. Nzima vilevile. Akaweka yote mawili, na ile hali ya kisogoni ikarudi. Ndipo akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Kipaza sauti cha kituo!" alisema. "Shemeji alitumia kipaza sauti cha kazini na bila shaka alikichomeka kwenye kompyuta kwa kiungio cha kuokoteza. Kile kipaza sauti kinatuma sauti mara mbili, moja imegeuzwa kinyume cha nyingine. Upande wa kushoto inasukuma, wa kulia inavuta. Ukizitenganisha, kila moja ni nzima. Ukizichanganya, ni kama watu wawili wanausukuma mlango mmoja, huyu kutoka ndani na huyu kutoka nje. Mlango hausogei."

"Zinauana," alisema fundi.

"Zinauana. Muziki niliuweka mimi, hauna kasoro, ndiyo maana umebaki peke yake."

Dada hakuelewa mambo ya kusukuma na kuvuta. Alichouliza ni kimoja. "Inatengenezeka?"

"Natupa ya kulia, ya kushoto naiweka pande zote mbili."

"Itachukua muda gani?"

Bado Kidogo alitazama saa. Kuipika video nzima upya kwenye laptopu yake ya begani, kwa ukubwa ule wa picha, wageni wangekula, wangeaga na kufika makwao. Alikuwa amekwisha kufungua programu, kidole kiko juu ya kitufe, alipojizuia. Picha ina kosa gani? Haina. Ilishatengenezwa, mdomo umekaa vizuri. Kwa nini aipike tena? Angeichukua kama ilivyo, bila kuigusa, na kubadilisha sauti peke yake. Akachagua hivyo, akabonyeza, na mstari wa kijani haukutambaa. Uliruka kama panzi na kumalizika kabla dada hajamaliza kupangusa macho.

"Kwisha?" dada aliuliza kwa mashaka.

"Kwisha."

"Wewe? Kwisha?"

Fundi wa ukumbi alicheka mpaka akashika nguzo. Wakaijaribu kwa sauti ya chini kabisa, sentensi moja tu, wageni wasije wakasikia. Kutoka kwenye spika zote za ukumbi ule mrefu Spika alisema, "Mwanangu." Dada akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. "Yatosha," alisema. "Zima. Mengine nitayasikia na wenzangu."

Mchana, baada ya maharusi kuketi, mwongoza shughuli alitangaza kwamba sasa ni zamu ya baba wa bibi harusi. Ukumbi ukaingiwa na ubaridi. Watu walitazamana, wengine wakainamia sahani zao. Bibi harusi alimgeukia mama yake kwa hasira na hofu, kama anayeuliza nani amemfanyia baba yake ukatili huu. Spika alisimama, akalainisha koti lake, akaonyesha kioo kwa mkono mzima, kama alivyokuwa akiwaonyesha abiria njia yao.

"Mwanangu," ilisema sauti kutoka juu.

Bibi harusi aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Ukisikia haya, mimi niko hapo karibu nawe, nimenyamaza. Usinihurumie. Nimeongea sana duniani, na wengine nao wapate nafasi. Mama yako, kwa mfano, anaisubiri tangu tuoane." Ukumbi ulipasuka kwa vicheko. Mdomo wa kwenye kioo ulisubiri vicheko vipungue, au ndivyo ilivyoonekana, kisha ukaendelea. "Mkwe wangu, wakati ninarekodi sijui wewe ni nani. Kwa hiyo nikikusifia, wote mtajua ni uongo. Nakuomba kitu kimoja tu. Huyu akiongea, msikilize hadi mwisho. Ana mengi. Kayarithi kwangu." Bwana harusi aliitikia kwa sauti, "Ndiyo, baba!" akisahau kwamba anajibu video, na watu wakavunjika mbavu upya.

Bibi harusi aliondoka kitini kabla hotuba haijaisha, akashika ncha za gauni, akamfuata baba yake pale aliposimama na kuegemeza kichwa begani kwake. Walisikiliza yaliyobaki hivyo, wameukabili ukumbi, mmoja akilia na mwingine akimpigapiga mgongoni taratibu.

Nyuma kabisa, karibu na mitambo, Bado Kidogo alikuwa amesimama na mkono kwenye swichi. Video ilipokoma na makofi kuanza, aliegemea meza ya mitambo. Fundi wa ukumbi alimsukumia kiti kwa mguu.

"Keti, usije ukaniangukia juu ya waya."

Kutoka mbele Spika alimtafuta kwa macho, akampata. Alinyanyua kidole kimoja na kukizungusha hewani. Rudia. Ukumbi nao ukadaka, "Rudia! Rudia!"

Bado Kidogo alirudisha mwanzo, akabonyeza, kisha akamwachia fundi mitambo yote. Dada yake alikuwa ameshamwekea nafasi meza ya familia na sahani iliyofunikwa. Alipita katikati ya viti akaenda kuketi, akala kwa pupa kama mtu anayefuturu, na akamsikiliza shemeji yake hadi mwisho.