Mkanda wa Corinne

Mjukuu wangu Tamsin alipokubali kumbebea mimba Corinne wa California, mawakili wa Corinne walimletea mkataba mnene. Tulikaa nao mezani, hapa mjini Nampa, siku nzima. Asile nyama baridi ya dukani. Asipake nywele rangi. Tumbo la uzazi likiharibika likatolewa, alipwe dola elfu tano.

"Lori langu bovu nililiuza elfu sita," nikamwambia.

"Bibi, lori lako lilikuwa na matairi mapya."

Alitaka nyumba. Yeye na mwanawe wamelala miaka minne kwenye trela langu, nyumba ya magurudumu, chumba ambacho ukigeuka goti linagonga ukuta. Nyumba ilishapatikana, ina jiko lenye dirisha. Kilichobaki ni dola elfu kumi za mwisho, za kulipwa mtoto akizaliwa, ikiwa kila sharti limetimizwa.

Mwezi wa nne wa mimba ukaja mkanda wenye spika. Uvaliwe tumboni saa nzima kila jioni, mtoto azoee sauti ya mamake. Mkanda wenyewe unahesabu saa na kumpelekea Corinne kwenye simu. Ukiwasha, sauti laini kama ya mtangaza manukato: "Mwanangu, mimi ndiye mama yako. Nakusubiri."

Siku ya tatu Tamsin akauvua.

"Siwezi, bibi. Akisema hivyo, mtoto anacheza."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Anacheza ndani yangu."

Sikubishana. Niliufunga kwenye kitambi changu, ambacho hakijabeba kitu tangu babake Tamsin. Kila jioni nikamenya viazi huku Corinne akikiahidi kitambi farasi na masomo ya kinanda. Nami nikamgombeza mbwa, nikagombana na televisheni, nikamwita Tamsin aje kula. Yeye alikaa kando yangu amenyoosha miguu.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, mzito. Corinne akampakata, ameshonesha hadi gauni la siku hiyo. "Mwanangu, mimi ndiye mama yako."

Mtoto akalia kama amemwagiwa maji. Corinne akarudia. Mtoto akalia zaidi.

Nami, mjinga, nikasogeza sahani ya hospitali nikasema, "Tamsin, kula, viazi vyako vinapoa."

Kilio kikakatika. Mtoto akageuza kichwa upande wangu.

Corinne akatoa simu. "Saa mia na hamsini na mbili," akasema taratibu. "Zote zimo."

Tamsin akanitazama. Niliona lile dirisha la jiko machoni mwake.

"Mpe muda, mama," nikamwambia Corinne. "Alikuwa anakusikia akiwa ndani ya maji. Huku nje sauti yako ni kavu kidogo."

Akaamini. Mtu aliyelipa kiasi kile hana budi kuamini. Wiki iliyofuata akapiga simu, hajalala siku tano, akaomba nimrekodie sauti yangu kwa malipo. Nikampa saa moja ya kumtukana mbwa. Nasikia mtoto analala fofofo.

Elfu kumi zilifika. Siku ya kuhamia, nilimkuta Tamsin amekaa sakafuni chini ya dirisha lake, mkanda umefungwa kwenye tumbo tupu, Corinne anaongea.

"Zima huo mkanda, mwanangu. Njoo ule."

"Ngoja, bibi," akasema. "Hajamaliza."