Bloki Tisa Inasikika

Kwa miaka mitatu Kipngeno alimtukana meneja kwenye redio kila asubuhi, na meneja hakuwahi kusikia hata neno moja. Mimi ndiye niliyekaa katikati yao, kwenye chumba cha redio cha shamba letu la majani chai, upande wa Kapsoit, na mimi pia sikusikia kitu. Nilipata habari tu, kutoka kwa wachumaji waliopanda kutoka bondeni wakiwa bado wanajishika mbavu.

Kosa lilikuwa la bonde. Bloki Tisa iko chini kabisa, ng'ambo ya mto. Mnara wetu ulikuwa na nguvu ya kuwafikia, lakini kiredio cha mkononi cha nyapara hakikuwa na nguvu ya kujibu. Basi Meneja Nicholas aliita kila siku, "Bloki Tisa, kuna shida yoyote?" halafu akangoja kidogo kwa adabu, kama mtu anayengoja kuku aseme amina. Kule chini Kipngeno, ambaye ndiye nyapara, alibonyeza kitufe na kumjibu kwa kirefu, wachumaji wamemzunguka na vikapu mgongoni. Ilikuwa burudani yao, na ilikuwa ya bure.

Mwaka wa 1994 kampuni ikamleta Phelix, fundi kutoka Kisumu, mtu anayependa kazi yake kuliko watu. Alipanda mnara na kiboksi kidogo kama mkebe wa majani, akakifunga juu kabisa, kando ya antena.

"Dada, sauti ya mbali inafika huko juu ikiwa mgonjwa," alinieleza. "Sasa huu waya mrefu wa kushuka ndio unaimaliza kabisa. Hii amplifaya inaipatia uji kwanza, ndiyo ishuke na nguvu."

Kwenye meza yangu aliweka mita yenye sindano, na swichi. Sindano ikisimama kwenye kijani, amplifaya iko hai. Ikianguka kwenye sufuri, imezimika. Swichi ikiwa juu, sauti zinapitia kwenye amplifaya. Ikiwa chini, amplifaya inazimika na sauti zinapita kando, kama zamani. Kazi yangu ilikuwa kutazama sindano kila saa na kuandika.

Alhamisi saa tatu asubuhi aliiwasha, akatoka kwenda kukusanya kamba zake. Nikaita.

"Bloki Tisa, ofisi hapa. Unanipata?"

"Nakupata, Mongina, mrembo wa Kisii!" Sauti ya Kipngeno ilijaa chumba kana kwamba ameketi mezani. "Hiyo tumbo unafanyia kazi imeamka? Over."

Nyuma yake akina mama wakaangua kicheko, maana Tumbo ndilo jina walilompa meneja. Nilicheka pia, mpaka nilipokumbuka ratiba ya siku. Saa tano meneja alikuwa anamleta mkubwa kutoka ofisi kuu aone mashine mpya, na angeita Bloki Tisa yeye mwenyewe. Kipngeno ana watoto watano na nyumba ya kampuni. Angefutwa kazi kabla mkubwa hajamaliza kikombe.

"Kipngeno, nyamaza! Unasikika! Kuna mashine mpya!"

"Na mimi ni malaika Gabrieli, over."

"Haki ya Mungu nakusikia! Umesema tumbo!"

"Kila siku nasema tumbo. Hawa mama wamekuambia. Over and out."

Niliita tena, akawa amezima, kama kawaida yake mpaka wakati wa meneja kuita, na trekta ya kushuka bondeni haikuwa inatoka mpaka saa nane. Kwa hiyo Land Rover ya meneja ilipoingia getini, nilishusha swichi. Sindano ikaanguka. Nikakunja mikono kama mtoto wa Sunday school.

Wakaingia wote watatu, meneja, mkubwa na Phelix. Phelix hakumsalimia mtu, alitazama mita moja kwa moja. "Nani amezima?" Hakungoja jibu, akapandisha swichi. Nilimchukia mtu huyo, sina haja ya kuficha.

Meneja akashika maikrofoni, akarekebisha tai, sijui kwa ajili ya nani. "Bloki Tisa, meneja hapa. Kuna shida yoyote?"

"Shida ni wewe, mzee!" Kila neno lilitoka safi kama sahani. "Daraja yetu ni magogo mbili na moja imeoza. Mwezi jana Rodah ameanguka hapo na kikapu, mguu ikavunjika. Nimekuandikia barua tatu, umezifanyia nini, umewashia jiko? Kuja uvuke na hiyo tumbo, tuone kama gogo itakubali. Over."

Kicheko. Kisha sauti ya mama mmoja kwa mbali: "Mwambie na choo!"

"Na choo pia. Over."

Nilitazama sakafu. Masikio ya meneja yalikuwa yamesimama. Mkubwa alisogea karibu na spika, akainamisha kichwa.

"Safi sana," akasema. "Hata kicheko nasikia."

Meneja akapumua. "Ni testing, sir. Tumewaambia waseme chochote tu. Lakini sikia vile iko clear!"

Phelix alitabasamu kama bwana harusi. Wakatia sahihi kitabu changu, wakaenda kula kuku. Hakuna aliyeuliza ni gogo gani limeoza.

Dereva wa trekta ndiye aliyempelekea Kipngeno habari. Saa kumi na moja alifika mlangoni kwangu, amenawa, amevaa shati la kanisa, redio ameifunga kwenye leso. Mkewe, Tecla, alikuwa ameshaanza kufunga sufuria za kuhama.

"Dada, ni kweli nimesikika?"

"Kila neno."

"Ni sawa." Aliweka redio mezani polepole. "Hata wakinifuta, angalau sasa anajua hiyo daraja."

"Hujafutwa."

Alinikazia macho. "Kwani alisema nini?"

"Alisema sauti iko safi."

"Na daraja?"

"Kipngeno, alisema sauti iko safi."

Alikaa kwenye benchi, akaichukua redio yake tena, akaanza kuifungua leso. Nilitaka atukane. Ningemsaidia, hata kwa Kikisii.

"Heri angenifuta," alisema mwishowe. Akaondoka kabla jua halijazama, maana lile daraja si la kuvuka gizani.