Furushi la Mwalimu Henri

Wakati wa vita mume wangu Henri alifundisha darasa la sita hapa Baraka, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la mafuriko. Alikuwa na kitabu cha Kifaransa chenye picha za Uholanzi, ambako watu huzuia bahari kwa kuta za udongo. Alikipenda kitabu kile hata nikakionea wivu.

Siku moja aliwatuma watoto wakaulize nyumbani kwao maji yakija watu hufanyaje. Kesho yake nilikuwa nje ya dirisha la darasa, nauza karanga, nikasikia yote.

Aline, ambaye wazazi wake walishuka kutoka Minembwe, alisema kwao ng'ombe wakipanda mlima wenyewe, watu huwafuata. Henri akaandika ubaoni: tufuate ng'ombe. Baraka nzima hakukuwa na ng'ombe hata mmoja, askari walishawala. Placide, mtoto wa mvuvi, alisema wao hufunga mtumbwi kwenye nguzo ya nyumba, kwa fundo linalofunguka ukivuta mara moja tu.

Ndipo Kulthumu akauliza, "Mwalimu, furushi yenu iko wapi?"

Kila nyumba ilikuwa na furushi la kukimbia nalo.

"Iko chini, ku mulango," Henri akajibu. "Risasi ikilia, nabeba, nakimbia."

"Koko yangu, mama ya baba, anasemaka furushi ya risasi inakaa chini, ya maji inakaa yulu."

"Sasa mi nitakuwa na mafurushi mbili? Kaa, Kulthumu."

Ndani ya furushi letu mlikuwa na vyeti vya wanafunzi kumi na mmoja wa mwaka uliopita, pamoja na cha Mahmudu, kaka yake Kulthumu. Ofisi ya shule ilikuwa imeungua, nakala nyingine hakuna. Bila karatasi zile watoto hawakuwa na sekondari.

Jioni ile nilimwita Placide akalifunga darini kwa fundo lake. Asubuhi Henri akalishusha. Nikalipandisha. Akalishusha. Tulishindana hivyo wiki nzima bila kusemezana neno, watu wazima sisi. Lakini niliogopa kwelikweli: risasi zikilia furushi liko juu, tukalisahau, lawama ingekuwa yangu.

Mto Mutambala ukaja Alhamisi mchana. Henri alitoka shuleni mbio, maji magotini, akafika mlangoni na kukuta furushi halipo. Akaketi ndani ya maji, akalia. Nilimwacha alie kidogo, Mungu anisamehe, kisha nikamwonyesha juu.

Tangu siku hiyo hakulishusha tena. Alianika kitabu cha Uholanzi juani, akakirudisha mahali pake pale chini, mlangoni.

Jumatatu risasi zikalia. Henri alivuta kamba mara moja, furushi likamwangukia kichwani, tukakimbia nalo. Tulipumzika kwenye njia ya kwenda Fizi. Pembeni yetu alikuwa Kulthumu, na Mahmudu amembeba koko wao mgongoni. Henri alifungua furushi, akampa Mahmudu cheti chake mkononi, kikavu. Yule bibi akakishika, akakipapasa, akacheka.

Halafu Henri akaanza kupekuapekua.

"Mama Riziki, kitabu ya Uholanzi iko wapi?"

"Iko chini," nikamwambia, "ku mulango."