Tikiti ya Mama Mkwe

Mwanamume akikuambia haogopi mtu, muulize kwanza kama mama mkwe wake yu hai. Modeste hakuwa mwoga. Hakumwogopa bosi wake wa depo la mizigo kule Anderlecht, hakuogopa theluji, hata mbwa wa polisi aliwapita akipiga mluzi. Lakini siku Maman Kasoki, mama wa mkewe Marie-Claire, alipoteremka kwenye ndege kutoka Butembo, Kongo, kuja kumwona mjukuu, Modeste alijibana nyuma ya nguzo ya uwanja mpaka mama huyo, kilo hamsini pamoja na viatu vyake, alipokwisha kuingizwa kwenye teksi.

Si woga wa bure. Kwao mkwe hamtazami mama wa mkewe usoni, hamshiki mkono, hasemi naye moja kwa moja, mpaka siku atakapompa kwa mkono wake mwenyewe mbuzi wa kufungua macho, na mama akampokea. Kijijini jambo hili halisumbui. Njia za kwenda mtoni ni mbili, na mbuzi wapo. Ila Modeste na Marie-Claire waliozwa hapa Brussels na karani wa komine, ofisi ya serikali ya mtaa, na karani hakuuliza habari za mbuzi.

Sasa fikiria fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, choo kimoja. Modeste akitaka kutoka chumbani anakohoa kwanza, ili Maman Kasoki apate kugeukia ukutani. Akitaka kuingia jikoni, anakohoa. Akitoka, anakohoa. Wiki ya pili haijaisha, jirani wa chini, Madame Marie-Jeanne, mjane wa Kibelgiji mwenye moyo mzuri na masikio mazuri zaidi, akapanda na chupa ya dawa ya kifua.

"Kaka yangu alianza hivyo hivyo," alisema kwa huruma. "Sasa nampelekea maua."

Siku za kazi zilivumilika. Mtihani ulikuwa Jumapili, siku nzima, watu wote ndani. Ndipo Modeste akaona tangazo la chama cha wazee wapenda tramu, yale magari ya abiria yapitayo kwenye reli za barabarani. Wazee hao walikuwa wamefufua tramu za zamani, za mbao, na kila Jumapili waliziendesha katikati ya mji, kutoka Sablon, kupita mbele ya jumba la mfalme, hadi Botanique. Walitafuta kondakta wa kujitolea.

"Donc, banakulipa nini?" Marie-Claire alimuuliza.

"Kahawa."

"Kahawa tu?"

"Na sandwichi, kama inabakia."

Alikwenda kukimbia nyumba, akanaswa na tramu. Aliipenda ile kamba ya kengele juu ya vichwa vya abiria, mvuto mmoja simama, miwili twende. Alipenda pochi ya ngozi kiunoni. Lakini kilichomnyima usingizi ni kepi, ile kofia ya kondakta. Mwanafunzi wa ukondakta hufanya kazi kichwa wazi Jumapili sita, halafu mzee Florent, mkuu wa chama, humvika kepi au humshukuru na kumuaga. Tangu afike nchi hii, watu wa mjini walikuwa wakimuuliza Modeste karatasi zake. Alikuwa ameona kwa macho yake kwamba mwenye kepi huulizwa njia.

Jumapili ya sita ikafika. Zamu ya Modeste ilikuwa tramu ya saa tano. Marie-Claire alilijua hilo, akapanga kumpeleka mama yake kuona jumba la mfalme kwa tramu ya saa nne. Mpango mzuri kabisa. Ila asubuhi ile kondakta wa saa nne aliamka na mafua, na mzee Florent akasema, "Monsieur Modeste, panda wewe." Yeye mwenyewe akaketi mbele karibu na dereva, daftari mkononi, na mfuko wa karatasi magotini. Ndani ya mfuko kulikuwa na kitu cha duara. Modeste hakuhitaji kuambiwa.

Pale Sablon akaona vitenge viwili vinakuja, kimoja na mtoto mgongoni. Akakohoa, kwa mazoea tu.

Marie-Claire akasimama, mguu mmoja hewani. "Maman, tungoje ingine."

Maman Kasoki alikuwa amekwisha kupanda. Akachagua benchi la nyuma kabisa, pale pale anaposimama kondakta, akageuza uso dirishani na kugonga mbao kwa kidole.

"Kumbe Bazungu nabo balianzaka na mbao," alisema.

Modeste akavuta kamba mara mbili. Akapita ubavuubavu kama kaa, bunda la tikiti limefunika uso, mpaka mbele, akaanza kuuza kutoka kule. Hajatokea mtalii aliyeelezwa tikiti kwa urefu namna ile. Mjapani mmoja alielezwa rangi yake, tarehe yake, na faida ya kutoipoteza. Lakini tramu si nchi, ina mwisho, na mwishowe alibaki mtu mmoja. Modeste akampa mkewe tikiti mbili na kusema chinichini, "Moja ya Maman."

"Monsieur Modeste," akaita mzee Florent. "Yule mama hujampa tikiti."

"Binti yake amemshikia."

"Kwenye tramu hii kila abiria hupokea yake, kwa mkono wake, na kondakta humtazama usoni na kumwambia safari njema. Kutema tikiti hata mashine inaweza. Tunafufua nini hapa kila Jumapili, mbao? Mbao ziko msituni."

"Ni mama mkwe wangu, Monsieur Florent."

"Wangu pia alikuwa anapewa."

Na mzee akainua mkono, dereva akafunga breki mbele ya jumba la mfalme. Tramu haitaondoka mpaka tikiti itolewe. Halafu, polepole, akauondoa ule mfuko magotini na kuusukuma chini ya benchi. Modeste aliuona ukienda kama mtu anavyoona basi la mwisho.

Nyuma gari likapiga honi. Abiria wakageuka. Marie-Claire akamwinamia mama yake.

"Maman, ule muzee anasema Modeste akupatiye tikiti mu mukono, akuangaliye mu macho. Kama hapana, hatapata kepi."

"Kepi iko wapi?"

"Mu mufuko, kule chini."

"Na ile desturi, nani alimufundisha ule muzee?"

"Baba yake. Modeste aliniambiaka, naye alikuwaka receveur, kondakta wa tramu."

Maman Kasoki akafikiri. "Bon. Kumbe iko na mila. Miye nilizani hapa mila ilikufa yote, banabakia na mashine."

Kisha akaanza kusema na ukuta wa tramu, kwa maana mama mkwe akiwa na neno zito huruhusiwa kulituma.

"Weye ukuta, ambia mukwe wangu hivi. Kikohozi yake niliisikia tangu kule chini, mbele sijapanda. Marie-Claire anasema tungoje ingine, miye nikapanda. Wiki nane ninakunywa chai ya baridi juu ya kungoja yeye apite. Shingo inaniuma juu ya kugeuka. Anakimbilia tramu, miye nikimbilie wapi? Muambiye anipatiye ile karatasi. Nitaiita mbuzi."

Jasho lilimtiririka Modeste mpaka kwenye pochi.

"Ukuta," alijibu, sauti imekuwa ya mtoto wa shule, "ambia Maman mbuzi wa kweli atafika."

"Ukuta, muambiye nimesikia. Na tramu yote ni bashahidi."

Basi Modeste akamtazama. Alitarajia sijui nini, radi labda. Akaona pengo dogo kati ya meno ya mbele na vishimo viwili mashavuni, kicheko cha Marie-Claire chote, hakuna kilichopungua. Miaka minne alikuwa amekaa na kicheko kile nyumbani bila kujua kilikotoka.

"Safari njema, Maman."

Maman Kasoki akaipokea tikiti kwa mikono miwili, akaipindua, akaikagua tumbo na mgongo.

"Ni mwembamba," alisema. "Unamulishaka nini?"

Na akapiga kigelegele kilichomfanya dereva achungulie breki zake.

"Ni malalamiko?" mzee Florent akauliza, kalamu tayari.

"Hapana, Monsieur," akasema Marie-Claire. "Ni risiti."

Pale Botanique kepi ikatoka mfukoni. Ilikuwa kubwa, ikakaa juu ya masikio. Maman Kasoki akasema si neno, kichwa kitakomaa. Na wakati wa kurudi, Mbelgiji mmoja na mkewe wakamuuliza Modeste njia ya kwenda kanisa kuu. Akawaelekeza. Kisha akawaelekeza tena, ingawa walikuwa wameelewa, nao wakashukuru mara mbili.

Alhamisi mlango wa fleti ukagongwa. Alikuwa Madame Marie-Jeanne, amevaa nyeusi, mikononi ana maua ya makaburini. Siku nne hakuwa amesikia kikohozi. Modeste akamfungulia mwenyewe, kepi kichwani, birika mkononi, na yule jirani akabaki ameduwaa pale kizingitini, hajui ampe pole nani.

"Mukwe," sauti ikaita kutoka jikoni, "nani iko ku mulango?"

"Ni jirani, Maman. Ameleta maua."

"Muambiye aingie. Weka ile maua mu maji, mbuzi akifika atapata ya kula. Na iyo chai, uilete ingali moto."